Bi Kimya na Kiti cha Mwanafunzi

Sasa hivi, kabla sijaandika hata neno moja, binti yangu amekisogelea kioo cha chumba cha kurekodi, akakipuliza mpaka kikafanya ukungu, akachora mstari katikati kwa kidole, kisha akabandika kiganja huku na kiganja kule. Vikabaki viganja viwili vinavyotazamana. Akageuka kuniangalia, midomo imefunguka kidogo, kama mtu aliyeuliza swali na sasa anangoja jibu. Hakuuliza kitu. Ana miaka mitatu na miezi saba na hajawahi kutamka neno. Lakini huo mstari wa katikati najua ameutoa wapi, na aliyemfundisha ndiye ninayetakiwa kumwandika hapa.

Bi Kimya, msomaji wa maneno wa kituo chetu cha elimu kwa njia ya sauti, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi miwili ya kazi. Katika muda huo amesoma masomo mia sita na arobaini ya Kiingereza kwa watu wazima wasiopata nafasi ya kukaa darasani: mafundi cherehani, wapishi, madereva, kina mama waliolea kwanza wakasoma baadaye. Alianza na kaseti, akaja kwenye sidii, akamalizia kwenye simu. Mitambo ilibadilika mara tatu, sauti yake haikubadilika hata mara moja.

Mkuu wa kituo aliponipa kazi hii nilimwambia amekosea mtu. Mimi shule niliiacha kabla ya sekondari. Akanijibu, "Wenye vyeti hapa wamekaa naye kwenye mikutano. Wewe umekaa naye kwenye kazi. Andika kama unavyoongea, makosa tutayanyoosha." Basi naandika kama ninavyoongea, na wenye kunyoosha wanyooshe.

Bi Kimya hakuja hapa kusoma maneno. Alikuja kama mpiga chapa, msichana wa miaka ishirini na sita, na mashine yake ilikuwa imekatika herufi moja. Msomaji wa wakati huo alikuwa bwana mmoja mwenye sauti nene kama ngoma. Siku moja akaamka koo limevimba, na fundi mitambo alikuwa ameshawasha vyombo. Mtu pekee aliyeyajua maneno ya somo ni yule aliyeyapiga chapa huku akiyasoma chini kwa chini. Wakamsukumia ndani, mlango ukafungwa, akasoma maneno ishirini bila kujikwaa. Yule bwana alipopona alikuta meza ina mwenyewe. Akahamishiwa stoo ya vitabu, na wanaokumbuka wanasema mpaka anastaafu alikuwa akimsalimia Bi Kimya kwa Kiingereza tu, tena kigumu, ili amtege. Hakumpata.

Wageni wakisikia kwamba mtu anayeongea kwa mshahara anaitwa Bi Kimya, hucheka. Jina hilo limetokana na namna yake ya kufanya kazi. Somo la matamshi linakwenda hivi: neno, nafasi, neno. Msomaji anatamka, ananyamaza ili mwanafunzi arudie, halafu anatamka tena. Wasomaji wengine huipima nafasi kwa kuhesabu kimoyomoyo, moja, mbili, tatu. Yeye hapana. Aliweka kiti cha mbao upande wa pili wa meza yake, mbali na maikrofoni sawasawa na kiti chake, akachora chaki kuzunguka miguu ili kisihamishwe. Akishatamka neno anakitazama kiti. Anamsubiri aliyekaa amalize, ndipo anaendelea.

Hakuna aliyekaa. Lakini muda ule haukuwa mmoja. Neno jepesi alisubiri kidogo, gumu akasubiri zaidi. Mara nyingine alitabasamu, akatikisa kichwa, akalirudia neno polepole, kama vile amelisikia likikosewa. Hapa kituoni nafasi hizo tunaziita viti. Utasikia mtu anasema somo fulani lina viti themanini, na mgeni anadhani tunaandaa harusi.

Mlinzi wetu wa mchana hajawahi kuingia chumba kile. Ukimwomba akusaidie kubeba kitu humo anakuambia, "Mimi nalinda nje. Walioko humo wanajilinda wenyewe."

Rekodi zote hufanyika saa saba mchana, kwa sababu ukuta wa pili ni karakana ya seremala, na saa saba ndipo anapozima msumeno akale. Kimya cha saa saba si sawa na kimya kingine. Jua limesimama juu ya bati, barabara imelala, hata feni tunaizima. Unasikia mate yako yanavyoshuka. Seremala naye hula ameegemea ukuta upande wake, anasikiliza na kurudia maneno mdomo umejaa. Amejifunza Kiingereza kizima kupitia matofali. Siku hizi akiuza kabati humwambia mteja, "Hili lina symmetry, mama. Ukitaka lisilo na symmetry nenda kwa fundi wa ng'ambo, yeye ndiyo kazi yake."

Neno hilo amelipata kwenye somo la mia tatu na kumi na nne, ambalo Bi Kimya analipenda kuliko yote. Ni la maneno ya alama na ulinganifu, na ngoja niyaeleze kama yeye anavyoyaeleza, maana wengi wetu tumeyajua kwake. "Symbol" tamka SIM-bol, uzito mbele, mwisho uuweke chini taratibu kama unaweka kikombe. Maana yake alama, kitu kinachosimama mahali pa kingine ambacho hakipo hapo. "Emblem," EM-blem, ni nembo, kama ile iliyo juu ya geti letu. "Axis," AK-sis, ni mstari wa katikati, na ikiwa mingi inaitwa "axes," AK-siiz, mwisho unauvuta. "Symmetry," SI-me-tri, ni ulinganifu: unakunja karatasi kwenye mstari wake wa katikati na upande huu unalala juu ya ule bila kubaki kitu. Ukitaka kusema chenye ulinganifu, "symmetrical," uzito unahama, unarukia silabi ya pili: si-MET-ri-kal. Hapo ndipo wanafunzi wengi huanguka, na mimi nikiwemo. "Asymmetry," ei-SI-me-tri, ni pale upande mmoja umezidi au umepungukiwa. "Mirror," MI-ra, ni kioo. Na neno la mwisho la somo, "reflection," ri-FLEK-shen, ni taswira, yule anayekutazama kutoka ndani ya kioo.

Mimi niliingia hapa miaka miwili iliyopita kama mfagiaji. Nilikuwa nafagia polepole karibu na kioo ili nisikie. Bi Kimya akaniona, akaniita ndani. Nikajua nafukuzwa. Akasema, "Una masikio, mwanangu. Mikono tutaifundisha." Fundi mitambo alipohama, nikakuta nimekaa kwenye kiti chake nje ya kioo, hedifoni kichwani, napokea sauti ya Bi Kimya na kuisafisha kwenye kompyuta. Mtu aliyenishika mkono kutoka kwenye ufagio mpaka kwenye kompyuta ni yeye, na sitamlipa.

Mwezi wa tatu mwaka huu jirani aliyekuwa ananishikia mtoto alihama. Nikaja naye kazini, nimejiandaa kuomba radhi. Bi Kimya alikuwa anatengeneza upya somo la mia tatu na kumi na nne, safari hii kwa ajili ya simu. Alimwangalia binti yangu, akaniuliza anaitikia jina gani. Nikamwambia anageuka akiitwa, lakini hasemi. Nikamweleza kwamba daktari alimpima masikio akayakuta mazima, akasema tungoje. Na kwamba mama mkwe wangu amesema mtoto amerithi ulimi wa upande wetu, ulimi mzito usionyanyuka mpaka upate wa kumteta.

Bi Kimya alicheka, halafu akasema, "Kwenye 'sign' kuna g huisikii. Unatamka sain, yeye yupo tu amekaa. Nenda kwenye 'signal' uone anavyosema: SIG-nal. Mtoto wako yupo, mwanangu. Usimsukume." Kisha akamnyanyua akamketisha kwenye kile kiti. Kiti ambacho hata mkuu wa kituo haruhusiwi kutundika koti lake.

Binti yangu alikaa dakika arobaini bila kushuka. Sikumwondolea macho, kwa kuwa niliogopa atapiga meza teke. Aliukazia macho mdomo wa Bi Kimya, na wake ulikuwa umefungwa, umefungwa kabisa, mwanzo mpaka mwisho. Masikioni mwangu nilisikia neno, kimya, neno, kimya.

Kesho yake Bi Kimya alikwenda kufuatilia makaratasi ya kustaafu, na mimi nikajiona nimeiva. Nilikuwa nimefundishwa kukata makosa: kikohozi, karatasi kuanguka, meza kulia. Kwenye kompyuta sauti inaonekana kama mawimbi. Nikatazama: wimbi, halafu mstari umelala, wimbi, halafu mstari umelala. Nikajiambia, eh, huu mstari uliolala si ndio utupu wenyewe? Unajaza simu za watu bure. Nikaikata yote mia mbili na kumi na miwili. Kwa kuwa mimi kitu nisichokijua siwezi kukitupa, niliviunganisha vipande vyote kwenye faili moja nikaliita Takataka. Somo la dakika arobaini likabaki dakika ishirini na tisa. Nikalituma kwa wanafunzi, nikarudi nyumbani najipongeza njia nzima.

Ujumbe ulianza kuingia siku ya tatu. Mpishi mmoja aliandika, "Leo mwalimu anakimbia kama anafukuzwa na kitu." Mwingine akauliza kama Bi Kimya ni mgonjwa. Fundi cherehani, mama wa miaka hamsini na kitu, aliandika, "Mwalimu, nimekukosea nini? Zamani ulikuwa unanisikiliza."

Bi Kimya aliusoma huo wa mwisho mara mbili. Akavua miwani. "Viti vyangu umevipeleka wapi?"

Nikaanza kulia.

"Acha kulia. Nimeuliza viko wapi."

Tukafungua Takataka. Ilikuwa saa saba na nusu, msumeno wa jirani umezimwa, binti yangu yuko ndani ya kioo kwenye kiti chake, anatafuna biskuti. Bi Kimya akasema niongeze sauti. Mwanzoni palikuwa na ule mvumo mdogo wa chumba kitupu, kama mtu anavuta shuka mbali huko. Nikaongeza tena.

Kwenye kompyuta mtoto akasema, SIM-bol.

Hakunong'ona. Ilikuwa sauti ndogo, safi, karibu kabisa na maikrofoni. Pakawa kimya kidogo, ikasema EM-blem. AK-sis. SI-me-tri. Kiti baada ya kiti, kila neno mahali pake. Ilipofika si-MET-ri-kal iliuweka uzito pale pale unapotakiwa, pale ninapokosea mimi. Nilitazama ndani ya kioo. Binti yangu bado alikuwa anatafuna, makombo kidevuni.

Bi Kimya aliniuliza polepole, "Ni yeye?"

Hapo ndipo nilipokatika maini. Sikujua. Nilijua kilio chake, nilijua kikohozi chake, nilijua anavyokoroma akiwa na mafua. Sauti yake ya kusema sijawahi kuisikia, ningeitambua kwa lipi? Mdomo wake niliuona umefungwa siku ile. Na bado moyo wangu wote ulikuwa unataka kusema ndiyo, ni yeye, ni mwanangu huyo.

Nilitoka mbio hadi karakana, nikamuuliza seremala kama siku ya rekodi alikuwa na mtoto pale ukutani. Akaweka sahani chini. "Dada'ngu, humu kuna mimi na mbao. Tena mimi nikitamka hilo neno refu, mbwa wa jirani anabweka. Sauti ya mtoto niitoe wapi?"

Niliporudi, Bi Kimya alikuwa ameshafungua kabati la kaseti. Alitoa kaseti ya somo hilohilo, aliyoirekodi miaka kumi na tisa iliyopita. Wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Akaiweka kwenye redio ya zamani, akapandisha sauti mpaka mwisho. Sauti yake ya miaka hiyo ikasema "symbol." Ikaja nafasi. Ndani ya nafasi, nyuma ya mkwaruzo wa mkanda, mtoto akasema, SIM-bol.

Ni yuleyule. Hajakua hata siku moja.

Nilitegemea Bi Kimya apige kelele. Alikaa tu, akakunja mikono mapajani, akasema, "Nilidhani ni masikio yangu." Akanieleza kwamba tangu mwaka wake wa kwanza alikuwa anasikia mtu akirudia, mara hafifu, mara wazi. Hiyo ndiyo sababu ya kusubiri kule, na kutabasamu, na kutikisa kichwa. Hakumwambia mtu. "Anayesema anasikia sauti haachiwi maikrofoni," alisema, na hapo tulicheka wote wawili. Nikamuuliza kama hakuogopa. Akasema mwanzoni aliogopa sana, baadaye akazoea, kwa sababu aliona yule anajifunza. "Jina sikumuuliza. Nilimfundisha. Si ndiyo kazi niliyoajiriwa?" Jambo moja tu alilijua juu yake: hakuwahi kusema neno ambalo Bi Kimya hakulisema kwanza. Salamu haitikii. Akiitwa haji. Anarudia tu.

Sitaki kujifanya jasiri. Niliingia ndani nikamnyanyua mwanangu kutoka kwenye kile kiti kama namtoa kwenye moto. Nikamwambia Bi Kimya anisamehe, lakini mtoto wangu hakai tena pale. Akaniambia, "Uamuzi ni wako, mwanangu, na sitakulaumu. Jua tu kwamba mimi naondoka Juni."

Nilimwacha binti yangu nyumbani kwa mama mkwe. Siku ya kwanza saa saba mchana mama mkwe akanipigia simu. "Njoo umwone mwanao. Amekaa mbele ya ukuta kama mkwe anayengoja kuitwa ndani." Sikwenda. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu niliomba ruhusa nikaenda. Nilimkuta amekaa sakafuni, uso ukutani, mgongo umenyooka. Nikainama kumtazama kwa pembeni. Midomo yake ilikuwa inacheza. Sauti hakuna, lakini midomo ilikutana, ikaachana, ikavutika, ikatengeneza maneno, moja baada ya lingine, na kati ya neno na neno alingoja. Tangu nimzae sikuwahi kuiona midomo ile ikitengeneza kitu isipokuwa kilio.

Nilikaa pale chini naye nikafikiri. Nilikuwa na mtoto anayengoja, na mtu mmoja tu duniani aliyejua kumngojea, na miezi mitatu. Siku ya nne nikarudi naye kituoni.

Bi Kimya hakusema, "Nilijua utarudi." Alipangusa kiti kwa kitambaa, basi. Aprili nzima na Mei nzima mtoto alikaa pale saa saba, katika kila somo, midomo ikicheza bila sauti. La mia tatu na kumi na nne Bi Kimya aliliweka kiporo. Alisema ndilo litakuwa la mwisho kulisoma, pamoja na viti vyake vyote mia mbili na kumi na viwili nilivyovikata.

Tulilirekodi Jumanne ya wiki iliyopita. Nilikaa nje ya kioo, hedifoni nimezibana kwa mikono miwili. Bi Kimya akatamka "symbol," akakitazama kiti. Ndani ya kioo niliiona midomo ya mwanangu ikikutana na kuachana, na hakuna kilichotoka. Masikioni mwangu, wakati uleule, ile sauti ikasema, SIM-bol. Ikawa hivyo "emblem," ikawa hivyo "axis." Upande ule mdomo hauna sauti, upande huu sauti haina mdomo, na kioo katikati, na havikupishana hata kwa kupepesa jicho. Nilitaka kuzivua zile hedifoni. Sikuzivua. Niliona kama nikizivua tu, kuna kitu kitaachana na chenzake na hakitakutana tena.

Kuanzia hapo katikati ya somo, sauti ilianza kupungua. Si kwamba ilikwenda mbali. Ilikuwa kama inazama. Kwenye "mirror" niliisikia nusu. Kwenye neno la mwisho Bi Kimya alisema "reflection," akakitazama kiti muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akisubiri, na masikioni mwangu palikuwa na pumzi tu. Pumzi ya mtoto aliyekaa karibu na maikrofoni, pua imeziba kidogo. Hiyo naijua. Hiyo hata mkinifunga macho kati ya watoto elfu nitaitambua.

Bi Kimya akalitamka neno mara ya pili, akainamisha kichwa kushukuru kama afanyavyo siku zote, akazima taa nyekundu ya kurekodi. Somo tumelituma lilivyo, viti vyote ndani. Yule mama fundi cherehani ameshaandika: "Mwalimu, asante, umenirudishia zamu yangu." Tangu siku hiyo nimefungua nafasi zote na kuzisikiliza moja moja. Hamna mtu mwingine. Ni pumzi yake tu. Mtoto bado hajasema, na mimi bado nangoja, ila kungoja kwangu kwa sasa si kule kwa zamani. Kule kulikuwa kwa hofu.

Hayo ya chumba cha kurekodi nimeyaandika kwa ruhusa yake. Alisema, "Andika. Nastaafu, wataninyang'anya nini?" Yaliyobaki mnayajua wenyewe. Kwamba hakuchelewa kazini isipokuwa siku moja, na siku hiyo ni saa ya ukutani iliyokuwa mbele. Kwamba aliwafundisha wasomaji sita wanaosoma kwenye vituo vingine, na wote leo wanaweka kiti mbele yao, ingawa wakiulizwa wanasema ni mazoea. Kwamba alikuwa akigawa karanga zake kwa kila mtu na kukataa katakata kumgawia mtu kalamu. Seremala naye, ambaye si mwajiriwa wa hapa na hakuna siku aliyokosa somo, ametengeneza kiti cha pili kinachofanana na kile, ili kimoja kibaki na kimoja kiende na mwenyewe. Viko uani sasa hivi. Ameapa vina symmetry, na anasema ametembea kidogo tu kwenda kunawa, aliporudi hajui kipi ni kipya.

Bi Kimya, wenzako wa ofisini, wa stoo, wa getini na wa nyuma ya ukuta wanasema asante. Asante kwa sauti uliyotupa na zaidi kwa zile nafasi ulizotuachia. Ukawe na afya. Unywe chai yako asubuhi mpaka mwisho, bila kengele ya kukuinua kabla haijafika nusu. Ukae na watu wenye subira, watakaokungoja umalize kusema kama ulivyotungoja sisi. Wajukuu wakupigie kelele za kila aina, umezistahili baada ya ukimya wote huo. Na siku yoyote utakapopita njia hii, ingia bila hodi, maana sisi tutakuwa hapa, mimi na binti yangu, ambaye nimemwacha ukumbini anapanga vifuniko vya chupa, na ambaye naamini kabisa kwamba siku moja ata

Kuna mtu ameita "Mama." Mitambo nimeizima tangu asubuhi. Bi Kimya yuko getini anapokea wageni, namsikia anacheka na mlinzi, na neno hilo hajalisoma katika somo lolote, yote mia sita na arobaini nayajua. Hakuna aliyelisema kwanza. Limeitwa tena, kwa nguvu zaidi, kama mtu anayeona anacheleweshwa, ngoja ni